Reale ya Mzinga

Mama alinipigia simu Jumatatu asubuhi, na picha keshaiona. Mdogo wangu ndiye aliyempelekea. Hata salamu hakunipa. "Mwanangu, nimekulea hapa Mji wa Kale, nikakuombea dua ukaenda Ulaya kutafuta riziki, sasa ndio umekuwa haramia?" Nyuma yake nilimsikia nyanya akiuliza ni haramia wa baharini au wa barabarani, utadhani jibu lingepunguza hukumu.

Picha ilipigwa tarehe 22 Julai 2012. Nimesimama juu ya kokoto za ufuo wa Pelham, mjini Hastings, kusini mwa Uingereza, leso moja kichwani, nyingine kiunoni, mkononi upanga wa mbao wa mjukuu wa mtu. Siku ile tulihesabiwa maharamia 14,231 mahali pamoja, tukaingia kwenye rekodi za Guinness, na watu wa Penzance, kule Cornwall, wanaolishindania taji hilo na sisi, wakalala na donge rohoni.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na mwaka mmoja tu mjini, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na ajuza mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliniomba nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu akaone. Alikuwa keshavaa kiraka cha jicho. Akaitazama sare yangu ya kazi toka juu hadi chini, akasema haramia hasukumwi na muuguzi. Mwanamke wa Mombasa hakosi leso mkobani. Nikazitoa.

Kwa mama, neno lenyewe lilikuwa zito. Haramia amebeba haramu ndani ya jina lake, na kwetu pwani miaka ile halikuwa neno la mchezo. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi kifungo cha miaka saba kwa uharamia, na baada yao wakaja wengine wengi, hadi gereza la Shimo la Tewa likawa linatajwa kwenye redio za ng'ambo. Mwaka 2009 meli ya Maersk Alabama ilitekwa ikiwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada. Mjomba wangu ni baharia. Kila alipopanda meli, mama alikuwa hali akashiba mpaka apige simu kutoka bandari ya pili. Nilijaribu kumweleza kwamba hawa wetu ni maharamia wa miaka 300 nyuma, na kwamba ni mavazi tu. Akaniuliza: "Na hao walioibiwa miaka 300 nyuma, wao hawakuwa na mama?"

Jibu sikuwa nalo. Lakini Julai iliyofuata nilikuwa tena ufuoni, na safari hii nilikuwa nimeshona.

Lazima nieleze kidogo kuhusu watu hawa wanaopenda kuvaa kiharamia, ambao nilijiunga nao, maana asiyewajua hudhani ni walevi waliovaa kofia. Sisi tuko kama thelathini, tumetawanyika: wengine Hastings, wengine Bristol, wengine Penzance kwa mahasimu, mume na mke mmoja Uskoti. Tunaonana mara moja au mbili kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni kuandikiana, kutumiana picha za mapindo na vifungo, na kutumiana vifurushi kwa posta. Na tumegawanyika kambi mbili. Kuna wanaotaka haramia wa sinema: kitambaa chekundu kichwani, hereni, mshipi mpana, mabuti hadi magotini. Na kuna wale ninaowaita wahesabu nyuzi. Hawa watakwambia baharia wa mwaka 1718 hakupanda foramali, ule mti wa tanga, na mabuti. Alivaa viatu vya bizimu, soksi, suruali fupi pana ya turubai, shati la kitani, kijikoti kifupi, na kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Yale mavazi ya kupendeza, wanasema, tulipewa na mchoraji wa Marekani, Howard Pyle, aliyefariki 1911, ambaye alizaliwa zaidi ya karne baada ya maharamia wenyewe kunyongwa. Mhesabu nyuzi akikukuta na hereni ya dukani anakuhurumia kama mtu aliyekukuta umevaa kanzu nje ndani.

Mimi nilipata nafasi yangu kati ya kambi hizi kwa sababu ya sindano. Mama ni mshonaji wa kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, ambazo moja tu yaweza kumaliza miezi mkononi, na alinikalisha chini kunifundisha kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo nilipomwona bwana mmoja ana joho zuri la sufu, limejaa vifungo toka shingoni hadi kwenye pindo kama walivyovaa matajiri wa wakati ule, na vitundu vyote vya vifungo vimepigwa kwa cherehani, ulimi uliniponyoka. Nilimwambia joho lake lina meno ya bandia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza kama naweza kuyang'oa na kumwotesha mengine.

Huyo alikuwa fundi wa ngozi. Jina lake sitalitaja, na yeye mwenyewe angependa aitwe Fundi tu, maana nilimfundisha neno hilo akalipenda kuliko jina la kiharamia alilokuwa nalo. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mjane, ana karakana ndogo nyuma ya Mji wa Kale wa Hastings. Ndiyo, na wao wana Mji wa Kale. Na ufuoni kwao kuna vibanda virefu vyembamba vya kuwekea nyavu, vyeusi kwa lami, na mashua bado zinavutwa juu ya kokoto baada ya kuvua, hawana gati. Mara ya kwanza nilipopita pale, harufu ile ya lami na samaki ilinipeleka moja kwa moja kwenye majahazi yanayopakwa sifa, yale mafuta ya papa, na deheni. Nilisimama pale nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini.

Sasa, zawadi.

Kila Novemba tunatia majina kwenye kofia ya pembe tatu, na kila mmoja anatolewa jina la mtu wa kumpa zawadi. Masharti ni matatu: isizidi pauni ishirini, kuwe na kitu kimoja angalau ulichokitengeneza kwa mkono wako, na usiandike jina lako halisi. Mwaka wa kwanza kifurushi changu kilinifikia wiki ya kwanza ya Desemba. Ndani mlikuwa na kifuko cha ngozi cha kuning'iniza kiunoni. Ngozi yenyewe ilikuwa imelainishwa kwa magome ya mwaloni, ina ile rangi na harufu ambayo kwetu ningesema imetiwa mkandaa. Mshono wake ulikuwa wa sindano mbili, kila tundu limetobolewa kwa msharasi, mishono minane kwa kila inchi. Nilihesabu. Nilipokifungua nikakuta kitu kingine kidogo: kastabini ya ngozi, imekatwa kwa kipimo cha kidole changu cha kati.

Nilikaa na ile kastabini mkononi muda mrefu. Mtu huyu alikuwa ameniona Julai nikisukuma sindano kwenye sufu nzito kwa kidole kitupu, hakusema neno, akakipima kidole changu kwa macho. Na kile kifuko: aliona nafunga simu na funguo kwenye fundo la leso, na kila dakika napapasa kama zimeanguka.

Nilichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike haya.

Sikulala. Nilihisi nina deni, na deni la namna hiyo kwangu linawasha kama upupu. Zamu za usiku nilipokuwa nikikaa na wagonjwa waliolala, nilikuwa nashona. Nilinunua sufu ya buluu nzito, bitana ya kitani, vifungo vya madini kumi na vinne, nikamshonea Fundi kizibao cha miaka ya 1710, kirefu hadi mapajani, vitundu vyote kwa mkono, mifuko yenye vifuniko. Vitu peke yake vilinigharimu zaidi ya pauni sitini. Siku ya kumi na moja baada ya kupokea kifuko, kizibao kilikuwa posta. Nilijiona nimefanya uungwana mkubwa. Nilisubiri simu ya furaha.

Ikaja kadi. Imeandikwa kwa adabu sana, adabu ile ya Kiingereza inayofunga mlango polepole usisikie. Alishukuru. Akasema kazi ni nzuri mno. Na chini, kwa mstari mmoja: kwamba yeye hakuwa ameniuzia kitu.

Baada ya hapo, kimya. Januari, Februari. Niliwalaumu Wazungu wote wa dunia. Nilimwambia shangazi yangu, anayekaa London, kwamba watu hawa hawajui kupokea, ukiwatendea wema wanakuona unajipendekeza, na kwamba kwetu mtu akikupa nawe unampa, sahani ya jirani hairudi tupu. Shangazi alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Hairudi tupu, ndiyo. Lakini nani alikufundisha kuirudisha siku ile ile?"

Nikanyamaza.

"Jirani akuletee kaimati leo magharibi, kesho asubuhi wewe umefika kwake na sinia la biriani. Utakuwa umemwambia nini? Utakuwa umemwambia, shika chako, tusidaiane. Mamako angekupiga kofi." Akatupa mzizi kwenye ndoo. "Sahani unaiosha, unaiweka kabatini. Inakaa. Kila ukifungua kabati unaiona, unamkumbuka mwenyewe. Siku umepika chako kizuri, hata kama ni mwezi wa tatu, ndio unampelekea. Na yeye keshaisahau sahani, au anajifanya keshaisahau. Hebu niletee chumvi."

Nilikuwa nimekuja kwake kusikilizwa malalamiko dhidi ya Waingereza, nikarudi nyumbani na kesi dhidi yangu mwenyewe. Kwa sababu alisema kweli. Nilikua nikiona sahani za watu kabatini kwetu: ile ya maua ya Bi mkubwa wa mlango wa pili, bakuli la bati la mama wa mkabala. Zilikaa. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ugenini nilikuwa nimeibeba nusu ya ada, ile ya kutorudisha tupu, na nusu ya pili nikaiacha uwanja wa ndege. Nadhani nilijua sababu pia. Mtu mgeni, mweusi, mwenye kazi ya kuosha wazee, hataki kuonekana amepewa. Anataka kuwa amelipa. Ile haraka yangu haikuwa ukarimu hata kidogo. Ilikuwa kiburi kilichovaa kizibao.

Nilimwandikia Fundi barua ya kurasa mbili, nikamweleza habari za sahani, kwa Kiingereza changu kilichokuwa bado kina mikunjo. Alijibu kwa swali moja: sahani ikivunjika kabla hujairudisha, inakuwaje? Nikacheka peke yangu basini. Julai alikuja ufuoni amevaa kizibao. Hakukitaja mpaka jioni, ndipo akasema alihitaji muda ili kiwe zawadi, maana kilipofika kilikuwa risiti.

Nimepewa vingi tangu hapo na si vyote vinafaa kusimuliwa. Upanga wa plastiki wenye bei yake bado imebandikwa. Chupa ya ramu, nikaipeleka kwa jirani. Kuna bwana mmoja aliyekuwa akitoa zawadi kubwa kubwa na kuomba upigwe picha nazo. Alipoona picha hazipati sifa za kutosha akahama kundi. Na kuna dada wa Uskoti aliyeniletea kijikoti cha turubai alichokipaka lami mwenyewe, kama mabaharia walivyofanya kuzuia maji. Nyumba yangu ilinuka mwezi mzima na ninakipenda kuliko nguo zangu nyingi.

Lakini ya mwaka wa tatu nitaieleza. Jina langu lilimwangukia mzee wa Bristol, mhesabu nyuzi mkuu, mtu wa vitabu. Alinitumia sarafu moja ya kuigiza, ya risasi nyeupe, aliyoichonga kalibu yake kwa mkono na kuimimina jikoni kwake. Ni ile reale ya Kihispania ambayo Waingereza huiita kipande cha nane, fedha ambayo kila haramia wa hadithi anaililia. Upande mmoja ina nguzo mbili zimesimama juu ya mawimbi, katikati yake dunia mbili chini ya taji. Zile ni nguzo za Hercules, mlango wa bahari pale Gibraltar. Sarafu za mchoro huo zilianza kupigwa Mexico mwaka 1732. Mzee alikuwa ameandika kikaratasi cha kujitetea, kwamba kwa haki sarafu hii imechelewa, maharamia wetu walikuwa wameshakwisha mwaka huo, lakini mchoro wake ni mzuri nimsamehe.

Jioni nilimwonyesha mama kwenye simu. Kichwa cha nyanya kikaingia pembeni. Alikuwa hasikii vizuri tena, lakini macho yake yalikuwa ya kunguru. Akaisogelea simu mpaka nikawa naona paji la uso tu.

"Hiyo si reale ya mzinga?"

Nikamwuliza reale ya nini.

"Ya mzinga. Huoni mizinga miwili imesimama? Bibi yangu alikuwa akizitaja. Ya mzinga hii, na ya Shamu, ile yenye mwanamke." Ile yenye mwanamke ni ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyotembea pwani yote enzi za masultani. Nyanya hakuwahi kutumia yoyote kati ya hizo. Alizipokea majina tu, kama unavyopokea jina la babu usiyemwona.

Fikiria basi. Miaka yote mimi najiona ninacheza mchezo wa wenyewe, mgeni niliyeazimwa kiti, kumbe ile fedha yao ya hadithi ilifika Forodhani kwetu ikapewa jina, na jina hilo lilikuwa limelala nyumbani kwetu. Wazee wetu walitazama nguzo za Hercules wakaona mizinga. Ukiishi chini ya Ngome ya Yesu, kitu kirefu kilichosimama kando ya bahari utakiitaje?

Sikumtumia mzee wa Bristol kitu wiki ile. Wala mwezi ule. Nilitia sarafu kwenye kifuko cha Fundi nikaenda nayo kazini kila siku. Mwezi wa saba ndipo nilipomletea sahani yake: sauti ya nyanya niliyoirekodi, anataja majina ya reale moja baada ya nyingine na kukohoa katikati, na karatasi niliyomwandikia majina hayo na maana zake, nimeipamba pembeni kwa uzi wa vito. Haikunigharimu hata pauni tatu. Mzee aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Akasema amezitazama nguzo zile miaka arobaini na hakuwahi kuziona kuwa mizinga, na sasa hawezi kuziona kuwa nguzo. Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Mzee bado ana sauti yake; mimi nilipobadilisha simu niliipoteza, nikamwomba yeye anirudishie.

Huyu mzee ndiye pia aliyenisaidia na swali la mama. Hakulijibu. Alinionyesha tu kwamba si la mama peke yake. Mwaka 1722 nahodha wa maharamia, Bartholomew Roberts, aliuawa karibu na Cape Lopez, pwani ya Gabon ya leo, na watu wake wakapelekwa ngome ya Cape Coast, huko Ghana ya sasa. Wazungu walishtakiwa, na zaidi ya hamsini wakanyongwa. Waafrika waliokutwa ndani ya meli hizo, makumi kwa makumi, hawakushtakiwa wala kusikilizwa. Waliuzwa utumwani. Mzee alinieleza haya akiwa amevaa kofia ya pembe tatu, na aliivua kabla ya kueleza. Tangu siku hiyo kila Julai, kabla ya ngoma na kelele, tunakaa kimya kwa muda pale kwenye vibanda vyeusi. Hatukuandika popote kwamba ni desturi. Mama nilimweleza. Alisema, "Afadhali."

Roberts huyo huyo aliacha kanuni za meli yake, na moja ilikuja kutufaa.  Aliyepoteza kiungo kazini alilipwa reale 800 kutoka mfuko wa wote.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2017 Fundi alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Matibabu kule ni bure, lakini kodi ya karakana si bure, na mtu anayeshona kwa mikono miwili akibaki na mmoja, kila mwezi unaopita unauza chombo kimoja. Nilipomtembelea niliona ukutani alama za vumbi mahali palipokuwa na patasi.

Kwetu hili lisingechukua jioni moja. Mtu anatoa daftari, anaandika jina lake juu na kiasi, anampitishia wa pili. Mchango. Nilipolisema neno hilo kwa wenzangu, niliona macho yakitafuta dari. Si kwamba hawakutaka kutoa. Niliwajua, wangetoa shati. Lakini pesa mkononi mwa rafiki, kwao, ni kama kumwona akioga. Angeona haya, walisema. Na wao wangeona haya kwa haya yake.

Basi nikakumbuka kanuni za Roberts. Nikawaambia, mwenzetu amepoteza kiungo akiwa kazini, na sheria ya meli iko wazi, anadai. Si sadaka, ni haki yake ya chomboni. Mzee wa Bristol alipiga meza. Wahesabu nyuzi na watu wa sinema walikubaliana kwa mara ya kwanza na, naamini, ya mwisho. Tulinunua sarafu za chokoleti, zile za karatasi ya dhahabu, 800 kamili, na kila moja ikawa pauni moja. Mtu ananunua ngapi anaweza, sarafu zenyewe zinabaki kwenye sanduku. Watoto walinunua mbilimbili. Ajuza wangu wa kiraka cha jicho alishatangulia mbele ya haki, lakini mwanawe alinunua hamsini kwa jina lake. Ilituchukua wiki saba.

Tulimpelekea sanduku karakanani, watu tisa, na bahasha ya hundi imelala chini ya chokoleti zote ili aifikie akiwa peke yake. Mzee wa Bristol alisoma kanuni kwa sauti ya karani wa mahakama. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wake bado umeinama upande mmoja. Akasema, kwa ile sauti iliyokuwa imeanza kurudi, kwamba mkono wake haujapotea, umelala tu, kwa hiyo kwa haki anastahili 400. Tukabishana naye juu ya kanuni kwa saa nzima. Hakuna aliyesema neno pesa.

Karakana haikuuzwa. Mkono ulirudi kidogo, hautoshi kushika msharasi. Alijitengenezea kibanio cha mbao cha kushika ngozi kwa magoti, akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa madrasa aliyepewa kalamu.

Desemba iliyopita nilipokea kifurushi ambacho hakikutoka kwenye kofia. Jina langu mwaka huo lilimwangukia mtu mwingine. Ndani mlikuwa na kastabini ya ngozi, mpya, kwa sababu ile ya kwanza aliona Julai imetoboka. Mishono yake ni mitano kwa inchi, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na mahali pamoja uzi umerudi nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo. Kwa ndani, mahali pa kugusa kidole, ameipiga msasa ikawa laini kabisa.

Haijaingia kazini bado. Nimeiweka kabatini, juu ya rafu ya vyombo, karibu na bakuli la shangazi ambalo nalo lina mwezi wa nne hapa. Kuna kitambaa cha kitani nimekikata, kipimo cha kichwa chake ninacho, na vito vya safu ya kwanza nimeshaanza. Kofia moja nzuri ni miezi mingi. Sina haraka.